Arsène d'Arsonval, muganga aliyejua kwamba kusimama si kufa

Kachupa ka chanjo ya surua hakana maji ndani. Ukikainua kwenye mwangaza unaona tu unga kidogo umeshikamana chini ya glasi, na kwenye karatasi yake kuko neno la Kifaransa lyophilisé. Huku kwetu Kanyaruchinya wamama wengi wamekaona mkononi mwa muganga, na wengi wanauliza swali lile lile: kitu kilichokauka namna hii kinaweza kuwa kizima bado? Wengine wanasema chanjo imeharibika, wengine wanasema tumetumiwa mabaki.

Swali ni la haki. Jibu lake linapitia kwa mtu aliyekufa zamani, Jacques-Arsène d'Arsonval, muganga na mwalimu wa fizikia ya mwili huko Ufaransa. Sisi wa sendika ya wachimba migodi tunamfahamu kwa njia nyingine pia, kwa sababu alishughulika na wafanyakazi waliopigwa na kuran. Mambo yale mawili, unga wa chanjo na mfanyakazi aliyeanguka chini ya waya, yanaonekana kuwa mbali. Katika maisha yake yalikuwa jambo moja.

D'Arsonval alizaliwa tarehe 8 mwezi wa 6 mwaka 1851, huko La Borie, karibu na kijiji cha La Porcherie katika jimbo la Haute-Vienne. Jamaa yake ilikuwa na mali na ilitoa waganga. Njala hakuijua. Sisi hatuna desturi ya kusifu watoto wa nyumba kubwa, lakini huyu alikuwa na tabia ya fundi: hakuweza kuona mashini imesimama bila kutafuta kitu kilichoisimamisha. Alisoma Limoges, kisha akaenda Paris kusomea uganga.

Mwaka 1873 alianza kufuata masomo ya Claude Bernard kwenye Collège de France. Bernard alikuwa mwalimu mkubwa wa mambo ya mwili katika Ufaransa yote. Inasimuliwa kwamba siku moja chombo cha kupimia kilikataa kufanya kazi mbele ya wanafunzi, na kijana d'Arsonval njo aliona kosa liko wapi. Ikiwa ilitokea hivyo kabisa au waliongeza chumvi, jambo la hakika ni kwamba Bernard alimchukua kuwa msaidizi wake, na walikaa pamoja mpaka Bernard alipokufa mwezi wa 2 mwaka 1878.

Kwa Bernard, d'Arsonval alijifunza fundisho ambalo halikumtoka tena. Bernard alifundisha kwamba kuko uhai unaotembea na kuko uhai uliojificha. Mbegu ya mahindi iliyo ndani ya mfuko haipumui kwa namna unavyoweza kuona, haikui, haili. Je, imekufa? Mkulima yeyote wa Rutshuru atakucheka ukimuuliza hivyo. Anajua kwamba mvua ikinyesha itaota. Kuko pia vidudu vidogo vya kwenye majani ya kuvu, vinakauka kabisa kama vumbi, na ukivimwagia maji vinaanza kutembea. Maji yakitoka, kazi ya uhai inasimama. Yakirudi, kazi inaendelea. Kusimama si kufa.

Baada ya mwalimu wake kufa, d'Arsonval alikwenda kumsaidia Charles-Édouard Brown-Séquard, mzaliwa wa Port Louis, kisiwa cha Maurice, katika bahari hii hii ya Hindi inayogusa Mombasa na Zanzibar. Brown-Séquard alichukua kiti cha Bernard kwenye Collège de France. D'Arsonval akapewa mwaka 1882 laboratwari ya fizikia ya mwili, na mzee yule alipokufa mwaka 1894, yeye njo alikaa kwenye kiti. Alikishika zaidi ya miaka 30.

Kazi zake za kwanza zilikuwa za vyombo. Alitengeneza sanduku la joto linalojirekebisha lenyewe, joto lisipande wala lisishuke, na watu wa mikrobi walilitumia sana kukuzia mbegu za magonjwa. Mwaka 1882, pamoja na Marcel Deprez, alitoa galvanometa iliyobeba majina yao wawili. Ndani yake kuko waya mwembamba wa shaba umezungushwa mara nyingi, unaning'inia katikati ya sumaku. Kuran kidogo ikipita, waya unageuka, na kugeuka kwake kunaonyesha kiasi cha kuran. Mafundi wetu wa umeme waliofanya kazi na vyombo vya mshale, vile vya zamani kabla ya vyombo vya tarakimu, walikuwa wanashika mtoto wa chombo hicho.

Kisha akaingia katika kuran yenyewe. Wakati ule miji ya Ulaya na viwanda vyake vilianza kujaa nyaya, na wafanyakazi walianza kufa. Mtu anagusa waya, anaanguka, hapumui, wenzake wanamfunika uso na kuita jamaa. D'Arsonval alichunguza kifo hicho. Akaona kwamba kuko aina mbili. Kuko kuran inayochoma na kupasua mwili, na hapo hakuna la kufanya. Lakini mara nyingi kuran imefunga tu pumzi. Mtu amesimama, hajaisha. Basi akatoa kanuni iliyo rahisi: aliyepigwa na umeme atendewe kama mtu aliyetolewa majini. Asifunikwe. Apumulishwe palepale, kwa mikono ya wenzake, bila kungojea muganga, na wasichoke haraka.

Mwaka 1894 karibu na Paris, mfanyakazi mmoja alipitiwa na kuran ya volti zaidi ya 4000. Alionekana maiti. Waliokuwa pale walifuata kanuni ile, wakampumulisha, naye akarudi. D'Arsonval alipeleka habari hiyo mbele ya Akademi ya sayansi, na mwaka uleule akaingia humo kama mmoja wao.

Sisi tunasimama kidogo hapa, kwa sababu hii si hadithi ya zamani tu. Kwenye migodi yetu kuko pampu za maji, kuko jenereta, kuko nyaya zinazopita ndani ya matope bila ngozi. Mchimbaji akianguka, watu bado wanakimbia kumfunika, au wanamzika miguu ndani ya udongo wakisema udongo unavuta umeme. Kanuni ya d'Arsonval iko na zaidi ya miaka 100. Haiombi pesa. Zima kuran kwanza, au ondoa waya kwa kitu kikavu kisichopitisha umeme, usimguse kwa mkono. Kisha angalia pumzi. Leo waganga wanaongeza kusukuma kifua kwa nguvu na haraka, kwa sababu moyo pia unaweza kuwa umesimama. Wazo ni lile lile la mbegu ndani ya mfuko.

Hatutaki kumfanya mtakatifu. D'Arsonval alionyesha kwamba kuran inayogeuka maelfu mengi ya mara kwa sekunde haishtui misuli, inaleta joto tu, na aliipitisha katika mwili wake mwenyewe mbele ya watu. Hilo lilikuwa kweli, na kutoka humo kukatokea namna ya kupasha joto viungo vinavyouma. Lakini baadaye watu walitumia jina lake kuuza matibabu ya kuran kwa kila ugonjwa, na mengi hayakuponya kitu. Tena, kuanzia 1889, Brown-Séquard alikuwa anajichoma sindano za maji yaliyotolewa kwenye viungo vya uzazi vya wanyama, akiamini yanarudisha ujana, na d'Arsonval njo alimtayarishia. Ujana haukurudi. Hata hivyo, nyuma ya kosa lile kulikuwa na ukweli: viungo fulani vya mwili vinamwaga dawa zao ndani ya damu, na mwili unaishi kwa dawa hizo.

Kazi ile ilimwonyesha pia taabu moja kubwa. Maji ya mwili, damu, vitu vilivyotoka kwa kiumbe kizima, vinaoza mbio. Ukivichemsha ili visioze, vinaharibika. Ukivianika juani, vinaharibika vilevile. Huku tunajua kuanika. Sambaza za ziwa Kivu tunazianika, muhogo tunauanika, makayabu inatufikia na chumvi yake. Vyakula hivyo vinakaa, lakini umbo lake limegeuka. Sambaza iliyokauka ukiiweka kwenye maji hairudi kuwa sambaza ya asubuhi. Jua linatoa maji polepole, na wakati maji yanatoka, vitu vya ndani vinakunjana, vinashikamana, vinapikwa nusu. Kwa chakula hiyo haisumbui. Kwa chanjo, ni mwisho wake.

Basi ikabaki njia ya baridi. D'Arsonval alipenda baridi kama alivyopenda kuran. Alitumia vyombo vya glasi vyenye kuta mbili, vilivyotolewa hewa katikati, ili baridi isitoke. Chombo cha namna hiyo njo baba wa termosi tunayoweka chai. Alimsaidia pia Georges Claude, kijana wa viwanda, aliyefaulu mwaka 1902 kugeuza hewa kuwa maji kwa mashini kubwa. Hewa ya namna hiyo iko na baridi ya karibu digri 190 chini ya zero.

Mwaka 1906, pamoja na Frédéric Bordas, d'Arsonval alieleza mbele ya Akademi ya sayansi namna ya kukausha vitu ndani ya utupu kwa nguvu ya baridi. Tuieleze polepole. Unachukua kitu chenye maji, unakigandisha mpaka maji yote yawe barafu. Unakiweka ndani ya chombo kilichofungwa, unavuta hewa yote itoke. Hapo barafu inafanya jambo la ajabu: haiyeyuki kuwa maji, inageuka mvuke moja kwa moja. Upande mwingine wa chombo unaweka baridi kali zaidi, na mvuke wote unakimbilia huko na kuganda, haurudi tena. Kinachobaki ni kitu kikavu, chepesi, kilicho na vitundu vidogo vidogo mahali barafu ilipokuwa. Kwa sababu vitu vya ndani vilikuwa vimeganda mahali pao, havikupata nafasi ya kusogea na kukunjana. Ukirudisha maji, yanaingia kwenye vile vitundu, na kila kitu kiko mahali pake.

Njia hiyo inaitwa liofilizasio. Hawakuwa wa kwanza kabisa kuigusa. Mwaka 1890 huko Leipzig, Richard Altmann alikuwa amekausha vipande vya mwili vilivyogandishwa ili aviangalie kwa darubini. Na mbele yake sana, watu wa milima ya Andes, Peru na Bolivia, walikuwa wanatengeneza chuño: viazi vinalala nje usiku wa baridi vikagandishwa, mchana vinakanyagwa na kuanikwa kwenye jua kavu la mlimani, na vinakaa miaka. Hakuna Akademi iliyowasikiliza wakulima wale. Tunalisema kwa sababu sendika ina kazi ya kukumbuka mikono isiyoandikwa. Hata Bordas, wengi wanamsahau.

Wala kazi ya mwaka 1906 haikuenda mara moja kwa wagonjwa. Mwaka 1909 Leon Shackell, huko St. Louis, Marekani, alitengeneza njia ileile kwa mkono wake, na akaitumia hata kwa virusi vya kichaa cha mbwa. Mwaka 1935 Earl Flosdorf na Stuart Mudd, huko Philadelphia, walikausha maji ya damu, na vita vya pili vya dunia vilipokuja, unga ule ulipelekwa kwa askari waliojeruhiwa mbali na hospitali. D'Arsonval aliishi mpaka kuona mwanzo wa vita hivyo. Alikufa tarehe 31 mwezi wa 12 mwaka 1940, kule kule La Borie alikozaliwa, akiwa na miaka 89, wakati Ufaransa yake ilikuwa imeshindwa miezi michache mbele.

Kitu ambacho hakukiona kilitokea kwetu. Chanjo ya ndui ya zamani ilikuwa ya maji, na katika nchi za joto ilikufa njiani. Miaka ya 1950, Leslie Collier kwenye Lister Institute, Uingereza, alipata namna nzuri ya kuikausha kwa baridi na utupu. Chanjo ile kavu iliweza kukaa mwezi mzima katika joto la digri 37 na bado ikafanya kazi. Mwaka 1967 Shirika la Afya Duniani lilianza mwendo mkubwa wa kumaliza ndui. Kongo yetu iliingia mwaka 1968. Wachanjaji walipita kwa gari, kwa mtumbwi, kwa mguu, na unga ndani ya mifuko. Mgonjwa wa mwisho wa ndui katika nchi hii alionekana mwaka 1971. Mgonjwa wa mwisho aliyeupata kwa njia ya kawaida duniani alikuwa Somalia, mwaka 1977. Mwaka 1980 dunia ikatangaziwa kwamba ndui imekwisha. Wazee wetu wenye alama ya chanjo kwenye mkono wanabeba mwilini mwao matunda ya kazi ile.

Sasa turudi Kanyaruchinya. Mwaka 2012, na tena kuanzia 2022, watu wa Rutshuru na Nyiragongo walikimbilia hapa, wakalala chini ya prela juu ya mawe ya volkano, mpaka kambi zilipoondolewa mwanzo wa 2025. Kuran haikuwako kambini, na mpaka leo nyumba nyingi za huku haziioni. Mahali kama hapa njo mahali ambapo unga wa d'Arsonval ungepaswa kutusaidia kuliko wote.

Unatusaidia, lakini tusijidanganye. Unga wa surua si mgumu kama unga wa ndui. Bado unataka baridi, digri 2 mpaka 8, na unachukia mwanga wa jua. Ndiyo maana muganga anaubeba ndani ya glasieri hata kama ni mkavu. Na akishautia maji yake, yale maji yaliyotoka pamoja nao na si mengine, uhai uliosimama umeamka, na unaanza kuisha. Baada ya saa 6 lazima utupwe. Kachupa kamoja mara nyingi ni ka watoto 10. Kwa hiyo muganga anapoangalia foleni na kusema tungojee wengine, au anapotupa kilichobaki mbele ya macho yenu, hachezi na watoto wenu. Anafuata sheria ya kitu chenyewe. Mama anayefika na mtoto mmoja asirudi nyumbani na hasira, agonge milango ya majirani aje na watoto wanane au tisa.

Na wakubwa nao wana sehemu yao. Wakati wa ebola hapa Nord-Kivu, kati ya 2018 na 2020, chanjo yake ilitaka baridi ya digri 60 mpaka 80 chini ya zero. Kila mtu alisema haiwezekani. Iliwezekana. Mashini za baridi zilikuja, jenereta zikaja, magari yakaja, kwa sababu dunia iliogopa. Ebola ile iliua watu karibu 2300. Katika mwaka mmoja tu wa 2019, surua iliua watu zaidi ya 6000 katika Kongo, wengi wao watoto, na chanjo yake ni unga unaotosheka na glasieri ya kawaida. Kwa hiyo haikukosekana akili ya kukausha, maana iko tangu 1906. Ilikosekana njia ya kutoka kwenye depo mpaka kwenye mtoto.

Njia hiyo ni watu. Ni yule kijana anayebeba glasieri begani toka kwenye barabara ya Rutshuru mpaka juu kwenye mawe, ni yule mama anayeita majirani kwa megafoni toka asubuhi. Wengi wanaitwa wa kujitolea, na malipo yao yanachelewa au yanafika yamepungua. Sisi wa migodi tunajua neno hilo la kujitolea linavyotumiwa. Mtu anayebeba uhai wa watoto 10 begani ni mfanyakazi, na apewe haki ya mfanyakazi: malipo yake kwa siku iliyoandikwa, viatu vya kutembea kwenye mawe, na barafu ya kutosha ndani ya glasieri kabla hajaondoka.

D'Arsonval alionyesha kwamba uhai unaweza kusimamishwa na kungojea. Lakini hauwezi kungojea milele, na hautembei wenyewe. Mfanyakazi aliyepigwa na kuran anangojea mikono ya wenzake kwa dakika chache tu. Chanjo iliyotiwa maji inangojea saa 6. Baada ya hapo, kusimama kunageuka kufa kweli.